Nani Alimfuta Shosho Kazi?

Mwaka wa 2019 Sailors walitoa "Wamlambez", na baada ya muda mfupi kila mtoi mtaani alikuwa anaipigia kelele. Noma ilianza pale katoto ka miaka sita kaliuliza, "Mathe, wamlambez ni nini?" Jibu tunalijua wote: "Nani amekufunza hayo matusi?" Kama si hivyo, ni kofi. Ukiuliza watoto hutoka wapi, unaambiwa ulinunuliwa supamaketi.

Ukiwauliza wazazi mbona hawajibu, watakwambia, "Sisi Waafrika hatuongeangi hayo mambo." Nimeskia hiyo stori tangu nikiwa mdogo. Lakini ukiangalia historia yetu, hiyo ni nusu ya ukweli tu.

Ni kweli, kwa jamii zetu nyingi baba au mama hakutarajiwa kumkalisha mtoto wake na kumweleza mambo ya mwili. Ilikuwa aibu. Nusu ambayo wameisahau ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kufanya hiyo kazi. Kwa Waluo, wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na usiku ndio walikuwa wanafunzwa. Pwani, msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke ambaye si mamake, wa kumfunza mwili wake na baadaye mambo ya ndoa. Kwa Wakikuyu, anayepashwa tohara alikuwa na mtu wa kumsimamia na kumfunza. Jomo Kenyatta aliandika wazi kuhusu mafunzo hayo kwa Facing Mount Kenya, mwaka wa 1938.

Kwa hivyo mzazi aliruhusiwa kuona aibu, kwa sababu swali la mtoto lilikuwa na mahali pa kwenda.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa fiti. Mahali pengine hayo mafunzo yalikuja pamoja na kukeketa wasichana, na hakuna mtu anafaa kurudisha hiyo. Shida ni kwamba tulipotupa kisu, tulitupa na mwalimu pia.

Nani alimtupa? Wamishenari waliyaita mengi ya mafunzo hayo ushenzi. Shule za bweni zikatoa watoto nyumbani. Halafu ikaja Nairobi. Wakoloni walijenga nyumba nyingi za Waafrika huku Eastlands wakifikiria mwanaume mmoja anayekuja kufanya kazi, si familia. Baadaye mathe, buda na watoi wakajibana kwa chumba kimoja, na shosho akabaki ocha. Wengi husema Sheng ilikua kwa hizo keja, watoi wakitafuta lugha ambayo mzazi aliyeketi hapo hapo hataishika. Kama hakuna mtu mzima anakujibu, utajibiwa na mtaa.

Na usidhani ni mambo ya kuchekesha tu. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa, kwa kesi ya unajisi, ilieleza kwamba mahakama zetu kwa kawaida hukubali mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya", au akiita sehemu ya siri "dudu". Majaji walielewa kwamba mtoto aliyeumizwa anaona aibu kuongea mbele ya watu. Poa, ni vizuri wanakubali. Lakini fikiria huyo mtoto. Kabla afike kortini, lazima kwanza amwambie mtu nyumbani. Ataanzaje, kama neno lenyewe alishapigiwa kofi?

Shosho harudi kutoka ocha, na wazazi wengi bado wanaona aibu. Sawa, siwalaumu sana. Ila kwa kila nyumba mtu mmoja achaguliwe: anti, anko, dadako mkubwa, ama wewe unayesoma hii. Mtoi akiuliza, mwambie uume ni uume na uke ni uke. Akiuliza wamlambez, mwambie ni maneno ya wakubwa kuhusu ngono, na hajakosea kuuliza. Halafu mwambie mtu akimgusa huko, aje kwako kwanza.