Mlo wa vionjo

Mpishi wa pilau akitaka kujua kama chumvi imekolea, huchota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone kiganjani, akalamba. Msanii wa Dar es Salaam akitaka watu wausubiri wimbo wake, huachia sekunde chache za wimbo huo siku mbili tatu kabla. Kilichoko kiganjani na kilichoko kwenye simu vyote twaviita kionjo.

Nililikumbuka neno hilo siku mpwa wangu aliponipigia simu kutoka London, ambako ni mpishi. Mgahawa wake huwapa wageni sahani kumi na mbili ndogo kwa usiku mmoja, na kila sahani huletwa na muziki wake. “Mjomba,” aliniuliza, “nimwambieje bibi? Hiki ninachopika kinaitwaje kwetu?”

Kwa Kiingereza huitwa tasting menu, na Wafaransa husema menu dégustation. Mgeni hachagui chochote. Mpishi amekwisha panga sahani kumi, kumi na tano, pengine ishirini na zaidi, kila moja matonge mawili matatu, zifuatane kama alivyotaka yeye: chachu kabla ya mafuta, baridi baada ya moto. Mlo waweza kuchukua saa tatu au nne.

Tafsiri ya haraka ni “menyu ya kuonja”, na mimi siikubali. Kwetu menyu ni orodha ya kuchagulia. Unaisoma, unauliza bei, unaagiza ugali samaki. Hapa hakuna cha kuagiza, na baadhi ya migahawa humpa mgeni karatasi ya vyakula baada ya kula, kama kumbukumbu. Kwa hiyo neno la kwanza linampoteza msomaji. La pili nalo linampunja, kwa sababu kuonja ni kitendo cha mlaji peke yake. Mnunuzi huonja chungwa sokoni ili aamue kununua au kuacha, na nafsi, kama tulivyofundishwa, itaonja mauti. Mikono ya aliyepika haimo humo. Kionjo ni kitu kilichotengenezwa, mtu amekikata, amekipima, amekiweka mbele ya mwenzake. Kiambishi ki- kinafanya kazi hiyo hiyo katika kitindamlo, neno ambalo zamani lilionekana la kubuni na leo lasomeka bila shida.

Nikamwambia: mlo wa vionjo. Akampelekea bibi. Bibi akajibu kwa swali lililoninyima usingizi: “Wakimaliza vionjo, chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?”

Swali hilo ni zito. Kionjo cha kwenye simu ni kipande cha kitu kikubwa kinachokuja, nacho chaahidi wimbo mzima. Mlo wa vionjo hauahidi kitu kingine, kwani wenyewe ndio chakula. Kwa muda nilidhani neno langu limekufa.

Wanamuziki ndio waliolifufua. Sikiliza watu wa bendi wanavyozungumza. Wimbo una vionjo vya taarabu, mpiga gitaa ametia vionjo, rapa ameongeza vionjo katikati ya chemko. Vionjo hivyo havitangulii wimbo wala havikatwi kutoka kwake. Vimo ndani, na ukivitoa wimbo unabaki mkavu. Maana hii ya pili ndiyo inayobebwa na mlo wa vionjo: mlo mzima uliojengwa kwa madoido yaliyopangwa. Na neno mlo, likitangulia, linamhakikishia bibi kwamba mgeni hatatoka na njaa.

Lugha yetu kwa kweli haijawahi kutenga jiko na ngoma. Pilau hunoga na muziki hunoga. Chumvi hukolea, dansi hukolea. Sauti ni tamu, na wimbo usio na mvuto hukosa ladha. Wenzetu wa Ulaya wamelazimika kulithibitisha jambo hili katika maabara. Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na mpishi Heston Blumenthal, waliwalisha watu chaza huku wakisikilizishwa sauti mbalimbali. Chaza walioliwa kwa sauti ya bahari walipendwa zaidi kuliko walioliwa kwa sauti za mifugo, ingawa chumvi yao haikuonekana kuzidi. Mwaka 2007 Blumenthal akaingiza katika mlo wa mgahawa wake, The Fat Duck, sahani ya vyakula vya baharini juu ya “mchanga” unaolika, ikiambatana na gamba la kombe lenye kichezeshi kidogo cha muziki ndani. Mgeni alivaa vidude vya masikioni, akala huku mawimbi yakivuma na ndege wa pwani wakilia. Paul Pairet alikwenda mbali zaidi. Mgahawa alioufungua Shanghai mwaka 2012, Ultraviolet, ulikuwa na meza moja ya watu kumi, na kila sahani ilikuja na muziki, picha ukutani na harufu yake. Wageni walianza pamoja na kumaliza pamoja, kama hadhira ya tamasha.

Limebaki jina la kila hatua ya mlo. Wengine husema kozi, lakini kozi ni mafunzo ya miezi sita. Awamu tumewapa marais, na duru tumeupa uchaguzi. Mimi nasema sahani, na hapo nina mashahidi. Ndugu watatu wa familia ya Roca, wenye mgahawa Girona, waliandaa mwaka 2013 chakula cha wageni kumi na wawili walichokiita opera ya sahani kumi na mbili. Nasi tulikuwa na sahani ya namna hiyo kitambo. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikarudi Zanzibar kwenye sahani za santuri. Neno moja lilibeba wali na likabeba nyimbo, na sioni sababu ya kulivua kazi yake leo.

Tahadhari moja kwa watafsiri: msiandike “mlo wa vionjo vya muziki”. Msomaji atadhani vinavyoliwa ni vile vya mpiga gitaa. Tumieni na: mlo wa vionjo na muziki. Kiunganishi hicho kidogo kinaviweka viwili hivyo mezani bila kimoja kumezwa na kingine.

Mpwa wangu aliandika upya: “Bibi, napika mlo wa vionjo na muziki. Ndiyo chakula chenyewe. Sahani kumi na mbili, na kila sahani ina wimbo wake.” Bibi akataka kujua sahani ya kwanza inapigiwa wimbo gani.