Jengo Kabla ya Jengo: Maarifa ya Ujenzi Kutoka Aqal ya Garissa Hadi Modeli za Magharibi

Katika nchi kavu iliyo baina ya Mto Tana na mpaka wa Somalia, ambayo Waingereza waliihesabu kuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na ambayo baadaye ikawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, makao yake makuu yakiwa Garissa, mjenzi aliyewatangulia wajenzi wote hakuwa mwashi wala seremala, bali mwanamke wa Kisomali, aliyeisimamisha aqal yake, yaani nyumba ya fito na mikeka, kwa mikono yake mwenyewe, akaibomoa siku ya kuhama, akaipakia juu ya ngamia, na kuisimamisha tena penye malisho.

Yafaa tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Mikeka minene iliyosukwa kwa nyuzi za miti hutandikwa kwanza mgongoni mwa ngamia ili mzigo usimchubue. Juu yake hufungwa mbavu za nyumba, yaani fito na mizizi iliyopindwa ingali mibichi ikakaukia katika umbo la upinde. Kisha huja vyombo na, aghalabu, watoto wadogo. Basi nyumba ile ile iliyokuwa kivuli jana, leo ni tandiko. Mwanamke huyo hana karatasi, lakini aijua idadi ya mbavu zake, aujua urefu wa kila mmoja, na aujua mkeka upi umechakaa na hautavuka masika yajayo. Maarifa yake hayapungui njiani, kwa sababu msanifu, fundi, mchukuzi na mwenye nyumba ni mtu mmoja. Waandishi wengi wa taarikhi ya majengo waliipita aqal bila kuigeukia, wakidhani kuwa kisichokuwa na msingi wa mawe hakistahili kuitwa jengo. Nami naona huo ulikuwa upofu wa makusudi.

Kule pwani, Lamu na miji jirani, mafundi wa nyumba za mawe nao walikuwa na hesabu yao isiyoandikwa: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, hivyo kila aliyeijua boriti alikwisha kukijua chumba kabla ya kuchimbwa msingi.

Utawala wa kikoloni ulileta desturi nyingine. Ramani ilichorwa na mmoja, gharama zikakadiriwa na wa pili, mihimili ikahesabiwa na wa tatu, na mwashi akaletewa karatasi asizoulizwa habari zake. Na mwaka 1934 Kenya ikatunga sheria ya kuwasajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, kila mmoja katika fani yake. Sikatai kwamba mgawanyo huo ulileta ustadi, lakini uliivunja ile elimu moja vipande vipande. Msanifu akisogeza ukuta katika karatasi yake, karatasi ya mhandisi hubaki kama ilivyokuwa, na habari hujulikana siku ile bomba la maji linapokutana na mhimili wa zege na fundi kulazimika kutwaa patasi.

Dawa ya maradhi haya ilitafutwa huko huko yalikotoka. Mwaka 1975 Charles Eastman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, aliandika juu ya kutumia kompyuta badala ya michoro, jengo likahifadhiwa zima kama hesabu, na kila mchoro ukatolewa humo. Katika Hungaria, Gábor Bojár na wenzake wa Graphisoft, baada ya kuanza na mabomba ya kinu cha nyuklia cha Paks, wakaitengeneza ArchiCAD. Na mwaka 2000 ikatoka Marekani programu ya Revit, iliyonunuliwa na Autodesk miaka miwili baadaye. Katika modeli hizi, ambazo ulimwengu wa ujenzi huziita BIM, ukuta si mistari miwili. Ni ukuta wenye unene, nyenzo, bei na umri, na ukiusogeza shibiri moja, mlango hufuata, idadi ya matofali hubadilika, na bomba linalogongana na mhimili huonekana siku ambayo kulihamisha hakugharimu kitu.

Pamoja na uzuri wake wote, sanaa hiyo haikuenea kwa mapenzi ya mafundi, bali kwa amri ya mwenye mali. Idara ya majengo ya serikali ya Marekani ilianzisha mpango wake mwaka 2003, na kufikia 2007 ikawa inaidai modeli katika miradi yake mikubwa. Mwaka huo huo shirika la majengo ya dola ya Ufini likafanya vivyo hivyo. Uingereza, iliyokuwa ikitaka kupunguza gharama za ujenzi wa umma kwa hadi asilimia 20, ilitangaza mwaka 2011 kwamba ifikapo 2016 kazi za serikali kuu zifanywe kwa modeli. Makampuni madogo yakanung'unikia bei ya programu na mafunzo, lakini yakafuata, kwa kuwa mteja alikuwa ni dola.

Garissa ilikuwa mbali na haya yote, na si kwa bahati mbaya: Waraka Namba 10 wa serikali ya Kenya wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za umma kwenye maeneo yenye mazao mengi, na hali ya hatari haikuondolewa mkoani hadi 1991, mwaka ambao kambi ya wakimbizi ya Ifo ilifunguliwa karibu na Dadaab. Kambi tatu za huko, zilizopangiwa watu 90,000, zilipata kujaa zaidi ya 400,000, na wanawake waliokimbia vita wakapinda fito tena, safari hii wakizifunika kwa maturubai ya Umoja wa Mataifa.

Leo, tangu mwaka 2013, mwenye nyumba wa zahanati na masoko ya Garissa ni serikali ya kaunti. Maarifa ya modeli yakifika huko, nadhani yataingia kwa mlango wa zabuni: mkandarasi asipokee malipo yake ya mwisho pasipo kukabidhi, pamoja na funguo, modeli yenye kila bomba na kila waya, na joto la kila chumba chini ya paa la mabati, katika mji ambao jua lake hupita nyuzi 35 mara kwa mara, liwe limehesabiwa kabla ya tofali la kwanza.