Kigoda cha Mtemi Mnadani: Vitu vya Unyamwezi na Maneno Yaliyoachwa Nyuma



Ukilitaja neno mnada mbele ya mtu wa Nzega, hapana shaka atafikiria ng'ombe. Ataona uwanja wa vumbi, wanunuzi waliotoka mbali, dalali mwenye sauti isiyochoka, na pembeni mama lishe na wachoma nyama. Neno hilo tumelipata katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitenzi kunadi, yaani kutangaza kwa sauti. Dalali naye ametoka katika lugha hiyohiyo. Maneno haya yalipanda bara kwa miguu, kwa njia ileile iliyopitisha shanga, nguo na nyaya za shaba. Katika mnada wa ng'ombe jambo moja ni la lazima: mnyama lazima ajulikane katoka kwa nani. Asiyejulikana atokako hununuliwa kwa hofu, au hanunuliwi kabisa.

Mhadhara huu unahusu mnada wa namna nyingine, ambao vitu vya Unyamwezi vimekuwa vikiuzwa London, Paris na Brussels, na ambao kwa muda mrefu haukulijali sana swali hilo.

Kitu cha kwanza cha Unyamwezi kunadiwa Ulaya hakikuwa kinyago wala kitabu. Kilikuwa pembe ya ndovu. Tangu mwanzo wa karne ya 19 Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakiteremka pwani na pembe mabegani, kabla misafara ya wafanyabiashara wa pwani haijaifanya Tabora kuwa kituo chake kikuu. Kutoka Unguja pembe zilikwenda Bombay, na nyingine moja kwa moja Marekani, ambako viwanda vya Connecticut vilizipasua kuwa vibonyezo vya piano. Zilizofika London zilihifadhiwa katika maghala ya bandari na kunadiwa katika mtaa wa Mincing Lane, zikiwa zimepangwa kwa uzito na ubora. Wanunuzi walitaka kujua kama pembe ni laini au ngumu, na imepasuka au haikupasuka. Mpagazi aliyeibeba hakuwa na nafasi katika orodha ile. Naomba tuukumbuke mtindo huo, kwa maana haukufa na biashara ya pembe.

Baada ya pembe vikaja vitabu. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, mwezi wa Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini, akaikata nchi ambayo leo ni ya Nzega na Shinyanga, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua samaki siku zote. Burton alichapa majuzuu yake mawili mwaka 1860. Speke akafuata na kitabu chake mwaka 1863. Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871 na kurudi huko pamoja na Livingstone mwanzoni mwa 1872, alitoa chake mwaka huohuo wa 1872. Matoleo ya kwanza ya vitabu hivi, hasa yenye ramani zisizochanika na jalada la asili, ni bidhaa ya kudumu katika minada ya vitabu adimu. Mwezi wa Septemba 2002 nyumba ya mnada ya Christie's, London, iliuza vitu vya Stanley vilivyokuwa vimebaki mikononi mwa jamaa zake. Kumbukumbu zake za maandishi zilinusurika kutawanyika kwa kuwa zilinunuliwa na Wakfu wa Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na kuwekwa Tervuren, ambako mtafiti anaweza kuzisoma.

Sasa tuwaweke watu hawa kando ya waandishi wa Kiswahili waliopita njia ileile. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye tunamwita Tippu Tip, alikuwa na baba yake Ituru, jirani na Tabora, na aliijua barabara hii kuliko Mzungu yeyote wa zama zake. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Heinrich Brode akayageuza katika hati za Kirumi, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kabla yake, mwaka 1901, Carl Velten alikuwa ametoa mkusanyo wa safari za Waswahili, na ndani yake imo safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande. Haya ni matini ya msingi ya nathari ya Kiswahili. Yanaeleza hongo, njaa, bei, matusi ya njiani na hila za watemi kwa namna ambayo Burton, pamoja na elimu yake yote na dharau yake yote, hakuifikia. Lakini mnadani soko humtafuta mgeni aliyeiona nchi mara moja. Mwenyeji aliyeizungumza humtafuta mara chache sana. Simlaumu mnunuzi. Bei hufuata jina linalojulikana, na jina hujulikana kwa kutajwa shuleni. Je, ni wanafunzi wangapi humu ukumbini wamemsoma Selemani?

Kwa upande wa miswada, tulibahatika. J. W. T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya na kunakili tenzi na nyaraka za hati za Kiarabu kwa ajili ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na katalogi yake ikachapwa mwaka 1970. Thamani ya kazi ile haimo katika karatasi tu. Allen aliandika muswada umetoka wapi na kwa nani. Bara haikumpata Allen wake.

Nafika kwenye vigoda. Katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin kimo kiti cha mtemi kutoka Buruku, Unyamwezi, kilichofika huko mwishoni mwa karne ya 19, zama za utawala wa Wajerumani. Kina miguu mitatu na egemeo refu, na nyuma ya egemeo hilo limechongwa umbo la mtu. Mafundi wa historia ya sanaa wanakihesabu miongoni mwa kazi kubwa za uchongaji wa Afrika Mashariki, na kilikwenda London mwaka 1995 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya bara zima la Afrika. Mwaka uliotangulia, 1994, Ujerumani ilikuwa imeandaa maonyesho ya sanaa ya uchongaji ya Tanzania peke yake, Berlin na Munich, pamoja na kitabu kinene cha picha. Hapo ndipo soko lilipozinduka. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walikuwa wamezoea kusema kwamba Tanzania haina sanaa ya kuchonga ila ya Wamakonde. Sasa kila mmoja akataka sanamu ya Unyamwezi yenye macho ya ushanga. Panapotakwa kitu cha kale kuliko kilivyo, hakikosi kupatikana: vya kughushi vilifuata upesi, vikiwa vimefukizwa moshi na kupakwa mafuta ili vionekane vya mababu.

Tazama kibandiko kinachowekwa katika orodha ya mnada: kabila, nchi, mti, urefu kwa sentimita, kisha majina ya Wazungu waliokimiliki kwa mfululizo. Mfululizo huo huanzia Brussels au Paris. Neno lenyewe "Nyamwezi" limekuwa gunia. Ni jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara. Wenyeji walitajana kwa himaya zao, au kwa upande wanakokaa. Msukuma humwita jirani yake wa kusini Mdakama, kwa maana dakama ni kusini, kama vile sukuma ni kaskazini. Kinachouzwa kwa jina la Nyamwezi huenda kimetoka Bukene, huenda kimetoka Ukimbu. Kwa mnunuzi ni hali moja. Kwa mwanahistoria, tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe.

Vitu hivi vilitokaje? Vingine ni mateka ya vita. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipojilipua ndani ya boma lake mwezi wa Januari 1893, yaliyobaki yalikuwa mikononi mwa washindi. Vingine vilitoka baadaye na kwa utulivu zaidi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma, vigoda na vibangwa, yaani zile duara za kombe la pwani zilizovaliwa na watemi, vikabaki katika nyumba za watu binafsi, mali ya cheo kisichokuwapo. Mwaka 1964 ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale. Sheria hiyo inakiita cha kale kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Basi piga hesabu: Mirambo, aliyeitikisa njia yote hii, alipata nguvu zake baada ya mwaka huo na kufa 1884. Kiti cha zama zake hakiingii katika fungu hilo. Ulinzi wake inabidi utafutwe katika vifungu vingine, na mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwanza ni kitu gani na ni cha wapi.

Uthibitisho huo ndio uliotusaidia mara moja. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye katika jumba la Barbier-Mueller, Geneva, na baada ya mazungumzo marefu kikarejeshwa mwaka 2010. Kilidaiwa kwa sababu kilikuwa kimeorodheshwa. Kigoda kilichotoka usiku katika kijiji cha Nzega hakina orodha ya kukitetea.

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza. Clement Maganga na Thilo Schadeberg walitupatia mwaka 1992 sarufi ya Kinyamwezi yenye matini na msamiati. Kazi ya namna hiyo inapaswa kupanuliwa katika msamiati wa vifaa: mguu wa kiti unaitwaje, egemeo linaitwaje, mti gani hauruhusiwi kukaliwa na asiye mtemi, na nani alikuwa akikitunza. Wazee wenye maneno hayo wanapungua. Kwa Wasukuma kiti ni isumbi, na Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement alikusanya ngoma na vifaa vya watemi katika miaka ya 1950 na 1960, banda la vitu vya utemi limejengwa kwa umbo la kigoda. Mgeni huingia ndani ya isumbi, na ngoma za himaya zimepangwa humo, kila moja na jina la himaya yake.