Ng'ombe Wapo, Nyama Nzuri Iko Wapi? Historia Fupi Kutoka Singe

Dada zangu wa Unguja na Pemba huniuliza swali lilelile kila nikituma picha ya jiko la nyama choma: "Wewe uko Babati kwenye ng'ombe, huko nyama si mnapewa bure?" Jamani, si bure! Tena ukichelewa kufika buchani utakuta mifupa, mafuta na kipande cha shingo kinachokutazama. Hapa Singe ng'ombe wanapita barabarani wakielekea mnadani, lakini mama anayetaka kilo mbili za kuchoma nyumbani anahesabu hela mara mbili na bado hana uhakika kama nyama italainika.

Jibu la swali lenu ni refu kidogo. Ukitaka kujua kwa nini mtu anayeishi na ng'ombe hali nyama nzuri, uliza nani amekuwa akiwanunua ng'ombe hao.

Zamani za mababu nyama haikuwa bidhaa. Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig na Wamasai wa pande hizi walichinja kwa sababu maalumu: harusi, tambiko, mgonjwa, mama aliyejifungua, mgeni mzito. Nyama iligawiwa na kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Kuna sehemu za wazee, za vijana, na za akina mama. Hakuna aliyeuliza bei, kwa kuwa ng'ombe ndiye alikuwa akiba na mahari.

Halafu ikaja sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe unaaminika uliingia Afrika kupitia Eritrea karibu mwaka 1887, na kufikia 1891 ulikuwa umeshafagia nchi ya Wamasai. Sehemu nyingi, katika ng'ombe kumi alibaki mmoja. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita pande za Manyara na Ngorongoro mwaka 1892 akakuta wanawake waliobaki ngozi na mifupa, na watoto ambao njaa ilikuwa imewabadilisha maumbile. Kila nikisoma habari hiyo nawaza wale akina mama, watu ambao utajiri wao wote ulikuwa umelala chini ukioza, na hakuna wa kumlaumu. Mifugo ilipokufa, vichaka vikaota malishoni, na mbung'o wakahamia humo. Ilichukua miaka mingi ng'ombe kurudi. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, yaani juzi tu.

Nyama ilianza kuwa na bei wakati wa ukoloni, kwa sababu ya kodi. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na mfugaji fedha yake ilikuwa na miguu minne. Ndipo minada ikashika kasi. (Neno lenyewe ni lenu la pwani, limetoka Kiarabu, kunadi.) Wanyama walinunuliwa na wafanyabiashara, wakaswagwa kwa miguu siku nyingi kwenda kulisha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga na watu wa mijini. Ng'ombe aliyetembea hivyo anafika amekonda na nyama imekaza. Kwa hiyo sifa ya nyama ya bara kuwa ngumu si uongo, ila haikuwa kosa la ng'ombe.

Sasa hapa ndipo habari inaponoga, na inaanzia kwa majirani zetu Kenya. Kulikuwa na kampuni ya Liebig's, iliyoanzishwa London mwaka 1865 na kupewa jina la mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig. Kiwanda chake kikubwa kilikuwa Fray Bentos, Uruguay, ambako walikamua ng'ombe wakapata rojo la nyama na nyama ya makopo. Vile vidonge vya supu vya Oxo ni uzao wa kampuni hiyohiyo. Miaka ya 1930 Liebig's wakajenga kiwanda Athi River, karibu na Nairobi. Kiwanda cha makopo hakitafuti ng'ombe mnono. Kinatafuta ng'ombe wa bei ya chini, na wengi.

Serikali ya Kenya wakati huo ilikuwa ikisema Wakamba wana mifugo mingi mno inayoharibu ardhi. Mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya na kuwauza kwa bei ya kutupwa. Wakamba hawakukubali. Maelfu yao, wanaume, wanawake na watoto, wakaongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mwishowe serikali ilirudi nyuma, unyang'anyi ukasimama. Mbingu mwenyewe alikamatwa akahamishiwa Lamu. Fikiria, mtu wa nchi kavu ya Ukambani, kosa lake kutetea ng'ombe, anakwenda kufungiwa kisiwani kwenye samaki na nazi!

Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni hiyohiyo ikaingia ubia na serikali ya Tanganyika. Serikali ilishika hisa zaidi ya nusu, Liebig's zilizobaki, ikazaliwa Tanganyika Packers, Kawe, Dar es Salaam. Na huku kwetu, Babati ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, miaka ya 1950 ulikuja mpango wa kulazimisha wafugaji wapunguze mifugo, kila mwaka sehemu iuzwe. Sababu walisema ni udongo kumomonyoka, na kweli milima ya Mbulu ilikuwa imechoka. Lakini anayelazimishwa kuuza hapangi bei. Mfugaji mjanja alitoa ng'ombe mzee, mgonjwa, tasa, akabaki na wazuri. Wazee wetu walipochinja kwa ajili ya sherehe, kilichochinjwa kilikuwa kizuri kuliko kilichokwenda Kawe.

Tanganyika Packers ilikuja kufa. Leo ukisema jina hilo Dar watu wanaelewa viwanja vya Kawe vya mikutano ya hadhara. Lakini kitu kingine kiligeuka ambacho sisi wanunuzi wadogo tunakilipia hadi leo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang kwa msaada wa Canada, karibu ekari 100,000, na sehemu kubwa ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig. Walipigania ardhi yao mpaka mahakamani, na wengi waliswaga mifugo wakahamia mikoa mingine. Sipingi mkate, nakula chapati kama mtu yeyote. Ila malisho mazuri yakipungua, ng'ombe wanono karibu na nyumbani wanapungua pia.

Halafu lami. Barabara ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Mimi ni fundi cherehani mwenye duka la vitambaa, lami hiyo naibariki, mzigo wangu unafika bila vumbi. Lakini lori la ng'ombe nalo linafika. Mnunuzi wa jiji anakuja mnadani na fedha nyingi, anachagua maksai waliojaa, anapakia, hao wanakwenda Pugu kisha machinjio ya Dar. Wakati wa kiwanda walichukuliwa waliokonda, siku hizi wanaondoka wanono. Wanaobaki kwa bucha za mtaani ni ng'ombe wa maziwa waliozeeka na maksai waliovuta jembe miaka kumi. Bucha anauza alichoweza kununua, simlaumu sana.

Ninyi Visiwani mnakula mwisho wa safari hiyohiyo, kwa kuwa ng'ombe wengi wa Unguja hutoka bara, tena wakiwa wamepanda chombo. Labda ndiyo maana mkawa mabingwa wa mishkaki. Nyama ngumu ukiikata vipande vidogo, ukailaza na papai bichi, tangawizi na ndimu, inakubali. Oman nako wanachoma mishkak kando ya barabara, na wenyeji wa Forodhani wakienda Muscat hawajisikii wageni. Huku bara tunachoma mbavu nzima na chumvi tu, kwa hiyo mnyama akiwa mzee hatuna pa kumficha.

Kuna na suala la kisu. Kwa desturi ya miaka mingi Tanzania, nyama ya kuuzwa huchinjwa na Mwislamu, ili wote waweze kula. Mwaka 2013 kule Geita desturi hiyo iligeuka ugomvi mpaka damu ya mtu ikamwagika, mchungaji akauawa. Babati tumechanganyika, Waislamu, Walutheri, Wakatoliki, na shughuli moja inabeba wote. Mtu akijua mchinjaji ni nani, anakula bila kuuliza, na jirani hasusi sahani. Kwangu hiyo ni sehemu ya ubora wa nyama kama mafuta yake.

Sasa tunafanyaje? Sisi wanawake wa mtaani kwetu tumerudia njia ya kizamani, ila kwa hela. Tunachanga watu sita au wanane, tunamtuma mtu anayejua mifugo aende mnadani mapema, kabla wenye malori hawajamaliza kuchagua. Tunamwambia alete mbuzi maksai, si beberu, maana beberu harufu yake haitoki hata kwa limao. Kama ni ng'ombe, awe kijana na meno yake yaonyeshe. Mnyama anapumzishwa, anapewa maji, anachinjwa kwa utaratibu na kukaguliwa na daktari wa mifugo. Nyama haichomwi siku hiyohiyo. Inaning'inizwa usiku mahali pa baridi penye wavu wa nzi, na Babati kwa baridi ya Juni na Julai hilo halisumbui. Joto likiwa kali, friji. Kilo inatoka nafuu kuliko ya bucha, na unajua ulichokula.

Ukilazimika kwenda bucha, nenda asubuhi, na usiombe "steki" kwa kuwa ndilo neno unalolijua. Omba mbavu au mkono, bei yake ni ndogo na kwenye makaa zina ladha zaidi kuliko paja. Tazama mafuta: meupe au ya maziwa kidogo ni sawa, ya njano iliyokolea mara nyingi ni ng'ombe aliyezeeka. Bonyeza kwa kidole kama unavyokunja kitambaa kujua kama ni pamba halisi. Ikirudi ni nzuri, ikibaki na shimo achana nayo.

Kugawana mafungu ndiko kunakoleta kelele. Tumekubaliana mbavu zinazunguka, mwezi huu mimi, mwezi ujao mwingine, na utumbo unabaki kwa aliyekwenda mnadani. Kichwa na miguu tunampelekea bibi wa nyumba ya pili, supu yake haina mpinzani, na sote tunajikuta kwake jioni na vikombe mkononi.