Kokwa Lililojificha: Uvimbe wa Ziwa katika Tiba ya Kale ya China

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Na kwa mwanamke aliyejigusa ziwa akakuta uvimbe, methali hiyo haina fumbo tena.

Mnamo mwaka 1347, tabibu wa Kichina Zhu Zhenheng, aliyejulikana zaidi kwa jina la Zhu Danxi, alitoa kitabu chake kiitwacho Gezhi Yulun. Humo alimweleza mwanamke asiyependwa na mumewe wala kukubaliwa na wakweze. Huzuni na hasira humlimbikia asubuhi na jioni, hata likamwota kokwa ndani ya ziwa, mfano wa kete kubwa, lisilouma wala kuwasha. Miaka mingi ikipita huchimbika likawa donda lenye mashimo kama mwamba, na hapo haliponi tena.

Si kila uvimbe ulio mwamba. Mwaka 1617, zama za Ming, mpasuaji Chen Shigong katika kitabu chake Waike Zhengzong aliandika juu ya rupi: uvimbe mfano wa yai, usiobadili rangi ya ngozi, ambao hukua na kunywea kwa kufuata furaha na ghadhabu. Jina hilo lingali likitumiwa na matabibu wa China kwa uvimbe wa ziwa usio saratani.

Katika elimu yao, ini si kiungo cha nyama tu, bali ndilo liongozalo mwendo wa qi, yaani nguvu ya uhai. Moyo ukisononeka, mwendo huo hukwama. Majimaji ya mwili huganda yakawa makohozi, na makohozi hufunga fundo. Kwa hiyo dawa zake ni za kufungua njia, kama maganda ya chenza bichi, na za kulainisha kigumu, kama mwani na magamba ya chaza.

Mashuhuri kati yake ni Xiaoyao San, iliyoandikwa katika kitabu cha dawa cha serikali ya enzi ya Song. Ndani yake mna mizizi ya chaihu, danggui, baizhu na peoni nyeupe, uyoga uotao kwenye mizizi ya misonobari, susi, tangawizi na nanaa. Jina lake ni lile lile la sura ya kwanza ya kitabu cha Zhuangzi: kutembea huru, bila ya kifungo. Watu wa dawa waliazima kwa wenye hekima neno la kumwita mgonjwa atoke kifungoni.

Sayansi ya leo ina lugha nyengine. Ziwa huitika homoni za estrojeni na projesteroni. Hujaa kabla ya hedhi na kupungua baada yake. Katika maabara, baadhi ya michanganyiko hii imepunguza uvimbe wa maziwa ya panya waliopewa estrojeni. Kwa binadamu, majaribio mengi yamefanyika China kwenyewe, na waliyoyapitia wameona dalili za manufaa, lakini pia udhaifu mwingi wa utaratibu. Hayo hayatoshi kumfanya mtu akanywa dawa kabla ya kupimwa; kwani vidole peke yake havitofautishi kila mara kokwa lisilo na madhara na lile la mwamba, na kuchelewa ndiko kulikomtisha Zhu.

Naye Zhu hakuanza na mitishamba. Kokwa likiwa changa, alitaka kwanza mzizi wa maradhi uondolewe, moyo utulie, kisha ndipo dawa ifuate. Lakini mzizi huo, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa katika nyumba ya mume. Na maduka ya dawa ya Song, pamoja na wingi wa makabati yake, hayakuwa na unga wa kumnywesha mume wala wakwe.