Mablanketi ya viraka ya Gee's Bend: nani kasema yalipangwa ovyo?

Kama unafuatilia mafundi wa mablanketi ya viraka mtandaoni, ule ukuta umeshauona. Dada ana chumba chake cha kushonea, ukuta mmoja kaufunika kitambaa chenye manyoya manyoya, anaweka vipande vyake pale na vinashika vyenyewe bila hata pini. Anarudi nyuma hatua tatu, anapiga picha, anahamisha chekundu kushoto, anapiga tena. Siku ya tatu ndiyo anawasha cherehani. Halafu chini ya video anaandika eti "nimepanga bila mpango wowote". Haya dada.

Leo tuwaongelee kina mama ambao ukuta wa hivyo hawakuwa nao. Kuta walikuwa nazo, ila zilikuwa za mbao zenye nyufa, na kilichobandikwa pale ni kurasa za magazeti na katalogi ili upepo wa baridi usipite. Blanketi la viraka lenyewe lilikuwa kazi hiyo hiyo, kuzuia baridi. Lakini leo mablanketi yao yananing'inia kwenye makumbusho makubwa ya Marekani kama michoro, na wataalamu wanasimama mbele yake wamekunja mikono.

Mahali panaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama. Mto umepinda ukaizunguka ardhi pande tatu, kwa hiyo ni kama kisiwa chenye mlango mmoja. Mwaka 1816 mzungu mmoja, Joseph Gee, alianzisha shamba la pamba hapo. Mwaka 1845 shamba likaenda kwa ndugu wa ukoo huo, Mark Pettway, kufidia deni. Huyu akahamia na watumwa kama 100 kutoka North Carolina. Familia yake ilipanda magari ya farasi, watumwa wakatembea kwa miguu. Utumwa ulipokwisha wengi wakabaki palepale, wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na jina la Pettway wakabaki nalo. Hadi leo watu kibao wa kijiji kile ni Pettway. Ndiyo maana kwenye makala hii sitawataja kina mama hawa kwa majina. Nikikutajia mmoja, nusu ya jina lake ni la mtu aliyewamiliki babu zake.

Sasa maisha yalikuwaje? Chukua mwaka 1932 tu. Mfanyabiashara aliyekuwa anawakopesha alifariki, na upande wa mjane wake ukaja kukusanya madeni. Wakabeba mifugo, zana, chakula, kila chenye thamani. Familia nzima nzima zikaingia kwenye majira ya baridi mikono mitupu. Mtu katika hali hiyo hatupi suruali iliyotoboka magoti. Anaichana. Goti linaenda pembeni, sehemu ya nyuma ya mguu ambayo bado nzima inakuwa kipande. Ovaroli za shambani, magauni yaliyochoka, mifuko ya unga na mbolea iliyokuwa ya pamba, vyote viliishia kitandani.

Hapa ndipo penye utamu wa stori. Utapangaje blanketi kwenye ukuta wakati vitambaa vyake bado watu wamevivaa?

Ndiyo, hebu fikiria. Yule wa mtandaoni ana boksi la vitambaa, anavitoa vyote, anaviona vyote kwa pamoja. Mama wa Gee's Bend alianza na alichonacho, na kingine kingekuja suruali ya mtu itakapokufa rasmi. Kwa hiyo uamuzi ulifanyika kipande kwa kipande. Kuna mtindo wao maarufu wanaouita Paa la Nyumba: unaanza na kipande kimoja katikati, unaongeza mstari wa kitambaa upande mmoja, unageuza, unaongeza mwingine, unazunguka hivyo hivyo hadi upate saizi ya kitanda. Kila mzunguko mpya ni mrefu kuliko uliopita. Sasa bluu ikikuishia katikati ya mstari, unafanyaje? Unaunga na kahawia. Ila kahawia ipi, na uiungie wapi, hilo ni swali la jicho. Ukikosea, mzunguko mzima unalala upande. Na lile ungio ndilo wataalamu wa makumbusho wanaloliangalia leo hadi shingo zinauma.

Wenyewe wana namna ya kulisema hili. Wengi wanaeleza kwamba walijifunza ruwaza kwa mama au shangazi, kisha wakaiacha ruwaza wakafuata "njia yangu". Kuunganisha vipande vya juu kila mtu alifanya mwenyewe, ndipo wanawake wakakusanyika kushona tabaka zote kwenye fremu, pamba ikiwa katikati, wakiimba na kupiga soga. Mablanketi yakafuliwa na kuanikwa nje. Hiyo kamba ya kuanikia ndiyo ilikuwa maonyesho yao. Ukipita njiani unaona la jirani, unarudi kwako na wazo, ila hulinakili. Kunakili wazi wazi ilikuwa aibu kidogo, na mimi nadhani hiyo aibu imefanya kazi kubwa kuliko shule yoyote ya sanaa.

Kuna blanketi moja la mwaka 1942 ambalo lazima nilisimulie. Mume alifariki. Mke akachukua nguo zake za kazi zote, akamwambia binti yake kwamba anataka kujifunika nazo ili amkumbuke na awe karibu na upendo wake. Wakazichana pamoja, wakashona. Ni bluu iliyopauka, kijivu, weupe mchafu, na rangi nyingine kidogo hapa na pale. Yaani ukiliangalia haraka utasema vipande vimetupwa tu. Kumbe kila kipande ni mwili wa mtu: mahali palipokuwa na mfuko rangi bado imekolea, kwa sababu jua halikupafikia.

Neno "ovyo" linaniudhi hapa, na nitakuambia kwa nini. Binadamu hatujui ovyo ni nini. Mnakumbuka iPod? Watu walilalamika kwamba nyimbo zikichanganywa, za msanii mmoja zinafuatana, hivyo mashine inapendelea. Ukweli ni kwamba mchanganyo wa kubahatisha kabisa hufanya hivyo, vitu hujirundika. Mwaka 2005 Apple wakaleta mpangilio ambao haukuwa wa kubahatisha kabisa, ili masikio yetu yaamini kwamba ni wa kubahatisha. Viraka ni vilevile. Tia vipande kwenye mfuko, chomoa bila kuangalia, shona kwa mpangilio huo (wapo wanaofanya hivyo, na ni raha), mapema tu utapata vyekundu vitatu vimekaa kona moja kama wanakijiwe. Ukiona blanketi la viraka linaonekana limetawanyika vizuri, jua kuna mtu aliamua. Aliamua kwa mkono badala ya kwa ukuta, basi.

Ila mtindo wa kutawanya haukuwa wa maskini peke yao. Miaka ya 1880 wanawake wenye uwezo Marekani walishikwa na homa ya mablanketi yenye vipande visivyo na umbo, hariri na mahameli vimekatwa kama glasi iliyopasuka. Mahitaji yakawa makubwa hadi makampuni yakawauzia pakiti za mabaki ya hariri. Soma tena: watu walinunua mabaki. Na wao hawakuambiwa kwamba ni "silika". Waliambiwa wana ladha.

Turudi Gee's Bend, maana kitu kilitokea katikati hapa. Mwaka 1962 kivuko cha mtoni kilisimamishwa, wakati watu weusi walipokuwa wanavuka kwenda mjini Camden kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Safari ya dakika chache ikawa mzunguko wa zaidi ya saa moja kwa gari. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini kuwahutubia. Mwaka uliofuata, 1966, wanawake wa eneo lile wakaanzisha ushirika wao wa kushona, Freedom Quilting Bee, na kazi zao zikauzwa New York. Mshiko ukaanza kuonekana.

Lakini biashara ina masharti yake. Maduka makubwa yalitaka blanketi la kumi lifanane na la kwanza: ruwaza ile ile, vipimo vile vile, rangi zilizokubaliwa. "Njia yangu" ilibaki nje ya mlango. Mwaka 1972 kampuni ya Sears ikawapa tenda ya kushona foronya za mito ya mapambo kwa kitambaa cha koduroi, kile chenye mistari ya manyoya. Kutwa nzima wanashona kitu kilekile. Na jioni? Masalia ya koduroi yanarudi nyumbani: kijani ya parachichi, dhahabu, nyekundu, kahawia. Kutokana na masalia hayo yakatoka baadhi ya mablanketi yanayowaka kuliko yote ya kijiji hicho. Mchana wanalipwa kwa kufuata mstari, usiku wanauvunja bure. Hii sehemu mimi huwa naifikiria sana.

Kuna ushonaji mwingine wa bila ukuta ambao unatugusa zaidi watu wa pwani yetu. Huko Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, wenye asili ya Afrika. Baadhi ya mababu zao walichukuliwa mashariki mwa bara hili, wakapitishwa Goa na Wareno, wakatoroka wakaingia misituni. Ndugu zao wa Gujarat hadi leo wana mchezo unaoitwa goma, nadhani hapo huhitaji mkalimani. Wanawake wa Kisiddi hushona mablanketi yanayoitwa kawandi. Wanatandika sari kuukuu chini, wanaanza kwenye kona, wanashona kipande cha kwanza moja kwa moja juu yake, cha pili kinapanda kidogo juu ya cha kwanza, wanazunguka ukingo, wanaingia ndani taratibu mpaka wanakutana katikati. Hakuna kupanga kwanza. Mwisho kwenye kona zote nne wanaweka pembetatu ndogo za kitambaa zilizokunjwa, wanaziita maua. Bila hayo maua, wanasema blanketi liko uchi.

Najua kuna mtu tayari anataka kuandika "damu ya Kiafrika hiyo". Taratibu, mdau. Kina mama wa Alabama na wa Karnataka hawakuwahi kuonana, na India yenyewe ina ushonaji wa viraka wa kila aina. Walichokuwa nacho wote wawili kwa uhakika ni nguo chache, baridi ya usiku, na watoto wengi kitanda kimoja.

Mwaka 2002 makumbusho ya sanaa ya Houston yakafungua maonyesho ya Gee's Bend, yakaenda hadi Whitney, New York, na wahakiki wakachanganyikiwa. Wengine wakalinganisha na wachoraji wakubwa wa karne ya 20, kana kwamba sifa ni kufanana na mzungu mwenye brashi. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 zenye mablanketi yao. Mwaka huo huo kivuko kikarudi mtoni, miaka 44 baadaye.

Pesa ndiyo ilichelewa zaidi. Mablanketi mengi yalikuwa yamenunuliwa kwa bei ndogo kabla hayajapata jina, na ruwaza zake zikaishia kwenye mazulia na bidhaa za nyumbani. Mwaka 2007 watatu kati ya kina mama hao walikwenda mahakamani kudai haki zao, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Kisha mwaka 2024 duka moja kubwa la Marekani likauza bidhaa zenye ruwaza za washonaji watano wa kijiji. Mashine ilichapisha picha ya viraka juu ya kitambaa kizima. Ule mstari uliounganishwa bluu na kahawia kwa sababu bluu iliisha, ukatoka kiwandani ukiwa na ungio mahali palepale, maelfu ya mara, na hakuna bluu iliyokwisha popote.