Chase H.Q.: Mchezo wa polisi uliohama ukumbini na kuingia sebuleni

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MWAKA 1988 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa mashine wa mbio za magari uitwao Chase H.Q., ambao ulimweka mchezaji katika kiti cha askari polisi badala ya kiti cha mshindani wa mbio.

Kabla ya hapo, michezo mingi ya magari ilikuwa na lengo moja tu, nalo ni kufika mwisho wa njia kabla ya muda kwisha. Mfano unaojulikana sana ni OutRun wa kampuni ya Sega, uliotoka mwaka 1986.

Chase H.Q. ulileta lengo jingine. Humo, kumfikia mhalifu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuligonga gari lake hadi lishindwe kuendelea.

Kwa Tanzania Bara mchezo huu una historia ya pekee, kwani matoleo yake ya kuchezea nyumbani yalitoka wakati ambapo nyumba za huku hazikuwa na kituo chao cha televisheni. Makala haya yanaeleza mchezo ulivyokuwa, ulivyohamishiwa majumbani, na sababu za kuchelewa kufika kwetu.

Ulivyochezwa

Mchezaji alisimama au kuketi mbele ya mashine yenye usukani, pedali ya mafuta, pedali ya breki na gia ya hatua mbili. Kwenye gia kulikuwa na kitufe cha kuongeza kasi ya ghafla, yaani turbo, ambayo ilitolewa mara tatu tu katika kila hatua.

Askari anayeongozwa na mchezaji anaitwa Tony Gibson, na mwenzake ni Raymond Broady. Gari lao ni jeusi, la mfano wa Porsche 928.

Kila hatua huanza kwa simu ya upepo. Nancy, mtumishi wa makao makuu ya polisi, hutoa taarifa ya mhalifu anayetafutwa na aina ya gari lake. Katika hatua ya kwanza mtoro ni Ralph, mhalifu wa Idaho, anayeendesha Lotus Esprit nyeupe.

Mchezaji hupewa sekunde 60 kumfikia mtoro. Njiani kuna magari ya raia, mahandaki na njia panda, na anayechagua upande usiofaa hupoteza sekunde ambazo atazihitaji mbele.

Akimfikia, huongezewa muda, na kengele ya hatari huwashwa juu ya gari. Kutoka hapo kila kishindo hujaza kipimo cha uharibifu. Kipimo kikijaa, gari la mhalifu husimama na mtoro hutiwa mbaroni.

Hatua zote ni tano. Muda ukiisha kabla ya kazi kukamilika, mchezaji huombwa sarafu nyingine.

Hapo ndipo ilipokuwa biashara ya kumbi za michezo. Turbo tatu na dakika moja vilipimwa kwa namna ambayo anayeshindwa huona kwamba alibakiza kidogo tu, hivyo hutia mkono mfukoni tena.

Nguvu ya mashine

Mashine ya ukumbini ilikuwa na prosesa mbili za aina ya Motorola 68000, pamoja na saketi maalumu za kukuza na kupunguza picha. Gari lililo mbali lilichorwa dogo, kisha likakuzwa kwa kasi kadiri lilivyokaribia, na jicho likaamini kwamba linaona kina cha barabara.

Sauti ilikuwa na prosesa yake ya pembeni, aina ya Z80.

Suala hili ni la msingi kwa yeyote anayetaka kuelewa yaliyofuata. Mnunuzi wa toleo la nyumbani hakupata mashine ile. Alipata mchezo ulioandikwa upya kwa ajili ya kifaa chenye nguvu ndogo zaidi.

Matoleo ya nyumbani

Kampuni ya Ocean ya mjini Manchester, Uingereza, ilitoa matoleo ya kompyuta za nyumbani mwaka 1989. Miongoni mwa kompyuta hizo zilikuwa ZX Spectrum, Amstrad CPC, Commodore 64, Atari ST na Amiga.

Toleo la ZX Spectrum ndilo linalotajwa zaidi hadi leo. Kompyuta hiyo ilitumia prosesa ya Z80 yenye kasi ya megahezi 3.5, yaani aina ileile ambayo ukumbini ilipewa kazi ya sauti peke yake. Katika Spectrum ilibeba barabara, magari, muda na mgongano.

Aidha, Spectrum haikuweza kuonyesha zaidi ya rangi mbili katika kila kijisanduku kidogo cha skrini. Watengenezaji waliamua kuacha rangi nyingi katika sehemu ya barabara, na badala yake wakalinda kasi. Wenye mashine ya kilobaiti 128 walisikia hata maneno yakisemwa.

Uamuzi huo ulizaa matunda. Toleo hilo lilisifiwa na magazeti ya michezo ya Uingereza, ilhali lile la Commodore 64, kompyuta iliyosifika kwa rangi na sauti zake, lilikosolewa vikali.

Amiga na Atari ST zilikuwa na prosesa ya aina ya 68000, lakini moja tu, na hazikuwa na saketi za kukuza picha kama za ukumbini. Kwa hiyo hata mashine zilizohesabiwa kuwa za kisasa wakati ule hazikuweza kuurudia mchezo kama ulivyokuwa.

Nchini Japani, Taito yenyewe ilitoa toleo la Famicom ya Nintendo mwaka 1989. Baadaye mchezo ulifika pia kwenye Master System, Game Boy na PC Engine, na mwaka 1996 ukatolewa kwa ajili ya Sega Saturn.

Somo linalopatikana katika orodha hiyo ni moja. Toleo lililofanikiwa ni lile ambalo mtengenezaji wake alijua cha kuacha. Rangi zingeweza kuachwa, lakini hofu ya muda kwisha na uzito wa kishindo havikuweza, kwa sababu bila hivyo usingebaki mchezo.

Hali ilivyokuwa kwetu

Mwaka 1989, kijana wa Manchester alihitaji kaseti ya kanda, kompyuta na televisheni. Kijana wa Bagamoyo, umbali wa kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, alikutana na vizuizi vilivyoanza miaka 15 kabla.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini miaka ambayo kompyuta za nyumbani zilienea Ulaya ilikuwa imekwisha kupita.

Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar, inayotazamana na Bagamoyo ng'ambo ya maji, ilikuwa na kituo chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 vilipoanza vituo binafsi, ikiwamo ITV.

Kwa maneno mengine, kati ya kutoka kwa matoleo ya Ocean na kuanza kwa matangazo ya televisheni Bara ilipita miaka mitano. Wakati huo teknolojia ya michezo ilikuwa imehamia kwingine, kwani mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1994 kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation nchini Japani.

Ndiyo maana vijana wengi wa mijini waliufahamu ufukuzanaji wa polisi katika mabanda ya gemu ya mitaani, kupitia michezo iliyokuja baadaye. Need for Speed III: Hot Pursuit ulitoka mwaka 1998, na Driver, ambao mchezaji wake ni askari aliyejificha miongoni mwa wahalifu, ulitoka mwaka 1999.

Mwaka 2001 mchezo wa Grand Theft Auto III ulimweka mchezaji upande wa mhalifu anayekimbia polisi. Mzazi anayelalamikia michezo ya aina hiyo huenda asijue kwamba miaka 13 kabla, mchezaji alikuwa ndiye askari. Hata hivyo, askari huyo naye alishinda kwa kugonga, jambo ambalo dereva yeyote wa Barabara ya Bagamoyo anajua gharama yake.

Kuhifadhi kilichobaki

Bagamoyo ni mji unaojua thamani ya vitu vya kale. Magofu ya Kaole yamesimama kwa karne nyingi, na mgeni bado anaweza kuzisoma kuta zake. Mchezo wa mashine hauachi gofu. Skrini ikiungua na saketi ikifa, hakuna kinachoonekana.

Programu ya MAME, iliyoanza mwaka 1997, hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuiga utendaji wa mashine za zamani ndani ya kompyuta za kawaida. Hata hivyo, haiwezi kurudisha usukani, pedali wala kelele za ukumbi.

Kwa msomaji wa pwani mwenye mashine au kaseti za zamani za michezo, adui wa kwanza ni hewa ya chumvi, inayokula sehemu za chuma zinazopitisha umeme. Kaseti zihifadhiwe mahali pakavu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na meno yake ya chuma yafutwe taratibu kwa pamba yenye spiriti, kisha yaachwe yakauke kabla ya kuchomekwa.

Kuipuliza kaseti kwa mdomo, kama wengi walivyozoea, huongeza unyevu na kuharakisha kutu.